Wanga wa Kugandishia Makoti

Jina la Mashine hakupewa na wazazi wake. Alipewa kwenye chumba cha dobi, mwaka wake wa pili kazini, siku mtambo wa kunyoshea mashuka ulipokufa ghafla na fundi akasema mpaka wiki ijayo. Mwanamke huyu akajifunga kitambaa kichwani, akachukua pasi mbili, moja inapata moto na nyingine inapiga, na kabla ya saa tisa mchana wodi zote nne za hospitali zilikuwa na mashuka yaliyokunjwa. Msimamizi akacheka, akasema, "Hii sasa ndiyo mashine, tena haili umeme." Jina likaganda. Miaka kumi na miwili amelibeba kwa majivuno, na kama kuna kosa alilofanya maishani mwake, la kwanza ni hilo la kufurahia kuitwa chombo. Chombo kikichoka hakiulizwi kinaumwa wapi. Kinapigwa teke.

Chumba cha dobi kiko chini kabisa ya hospitali, ngazi kumi na nane kutoka mlango wa nyuma. Madirisha yake yako juu ya kichwa, na ukitazama nje unaona viatu vya watu tu. Mashuka machafu hudondoka kutoka wodini kwa bomba pana la bati, pu, pu, yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu hukitoa ukiwa hauna hiari. Wanawake sita wanayapokea. Wawili wako kwenye madoa, mmoja kwenye mashine za kufulia, mmoja kwenye ya kukamulia, mmoja kwenye mtambo wa kunyosha. Wa sita ni Mashine, na meza yake iko pembeni, kwa sababu yeye ndiye anayepiga pasi makoti ya madaktari. Koti la daktari si shuka. Kola lazima isimame, mikono iwe na mstari mmoja tu, na ili kitambaa kiwe kigumu huchovywa kwanza kwenye uji mwepesi wa wanga. Ndiyo maana gunia la unga wa wanga, mweupe, laini, unaolia ukiubana kwa vidole, linakaa chini ya meza ya Mashine na si pengine.

Uchovu wenyewe haukuja siku moja. Mwaka juzi alikuwa akipanda zile ngazi na tenga la makoti kichwani huku anaimba. Mwaka jana akaacha kuimba. Mwaka huu akifika ngazi ya saba lazima ainame ajifanye anafunga kiatu, na kiatu chenyewe ni ndala. Moyo unampiga masikioni. Kichwa kinakuwa chepesi, ukuta unasogea, kisha unarudi. Kucha zimekuwa bapa, zinachanika zikigusa kitambaa. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, na hilo ukimweleza mtu mwenye afya anakutazama kama unamdanganya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wenzake walifanya mzaha. Aliyeanzisha ni yule wa mashine ya kukamulia, ambaye wanamwita Redio kwa sababu hazimwi.

"Jamani, Mashine chaji imeisha," alisema siku moja alipomkuta mwenzake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Tafuteni waya tumchomeke ukutani."

Wote wakaangua kicheko. Mashine naye akacheka, maana ukikataa utani kule chini utaishi peke yako. Tangu siku hiyo likawa jina lake la pili, Chaji, na kila walipoliita aliumia, akanyamaza, akaendelea kupiga pasi.

Msimamizi yeye hakutania. Ni bwana mnene mwenye shati safi, meza yake iko mlangoni penye hewa, na juu yake kuna feni. Mwaka uliopita alifuta mapumziko ya mchana ya dobi. Alisema wanawake wakila mchana wanasinzia, afadhali wanywe chai na kipande cha mkate saa nne, halafu wapige kazi moja kwa moja mpaka saa tisa. Yeye mchana alikula, tena pale pale mezani kwake, akijifuta vidole kimoja kimoja huku wanawake sita wakipita na matenga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alikuwa akimtazama usoni kila siku, kwa hiyo hata hiyo methali inampendelea. Mara ya kwanza alipomkuta Mashine amelala juu ya robota la mashuka masafi, alimwandikia onyo. Mara ya pili alimwandikia la pili, akalisoma kwa sauti mbele ya wenzake.

"Kazi haina pole," akamalizia. "Aliyechoka aende nyumbani moja kwa moja. Wanaoitaka nafasi hii wako getini."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe ni seremala, mpole wa maneno na mzito wa kuona. Mama mkwe anaishi nao, na yeye si mzito wa kuona hata kidogo. Mashine akirudi saa kumi akajinyosha kwenye mkeka dakika tano, mama mkwe hupita akiongea na hewa bila kumtaja mtu: "Siku hizi wanawake wanalala mchana kama paka wa tajiri." Mume akiwa anakula huuliza, "Mama watoto, mbona umelegea, una nini?" Mashine husema hana kitu.

Alikuwa na kitu. Tangu kitinda mimba aache kunyonya, hedhi yake ilitoka kuwa ya siku nne ikawa ya siku kumi, kumi na mbili, tena yenye mabonge. Alikata mashuka yaliyochakaa, yale ambayo hospitali huyatupa, akayakunja mara tatu, na bado alitembea akijihofia nyuma. Aliwahi kumwambia mama mkwe, mara moja tu, kwa kunong'ona jikoni.

"Hayo ni ya wanawake," mama mkwe alimjibu bila kuinua uso kwenye sufuria. "Sisi yalitupata, hatukumwambia mtu, na tuko hapa."

Basi naye hakumwambia mtu. Kutwa nzima anafua damu za watu. Anajua kwamba doa la damu linataka maji baridi, ukilitia moto umeliganda milele. Anajua kwa kutazama tu hii ni ya jana na hii ni ya juzi. Lakini damu yake mwenyewe ilikuwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mtu anaimba wimbo huo, na watu hao hao ndio wanaomfundisha mwanamke kuficha tangu siku ya kwanza anapovunja ungo. Kisha akianguka wanasema hakusema.

Alikuwa na siri nyingine pia, na hii aliiona mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa ya kuchekesha. Siku moja, akikoroga uji wa makoti, unga mkavu ulimbakia kidoleni akaulamba. Basi. Tangu hapo meno yake hayakumpa amani. Alitaka ule ukavu, ule mlio wa kusagika, ule unavyoganda kwenye ufizi kisha ukayeyuka. Asubuhi alichota kiganja kimoja, akakifunga kwenye kipande cha gazeti, akakitia mfuko wa aproni, na kila alipogeukia ukuta alibwia. Alijichukia. Mama mzima wa watoto watatu anakula unga wa kugandishia nguo. Aliapa kuacha, akaapa tena, na kila asubuhi vidole vilifika guniani kabla ya akili.

Jumatatu moja msimamizi alishuka kukagua vifaa. Gunia la wanga linalotakiwa kukaa miezi minne halikuwa limemaliza wiki saba, na lilibaki unga wa kufunika kisigino tu. Alichungulia chini ya meza, akainuka polepole, akamtazama Mashine, akaona weupe pembeni ya mdomo.

"Toa kilichomo mfukoni."

Kile kifurushi cha gazeti kikatoka.

"Kumbe ni wewe."

"Nakula kidogo, bosi. Kiganja tu."

"Unakula?" Akawageukia wengine ili wamsaidie kushangaa. "Nani anakula wanga wa nguo? Unauza. Unawapelekea madobi wa mtaani. Gunia zima, mwanamke, gunia zima."

Mashine akawatazama wenzake. Redio, ambaye hazimwi, ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kuchungulia ndani ya mashine yake. Wa madoa walisugua madoa. Yule wa mtambo alikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Miaka kumi na minne amekula nao mkate mmoja, amewazika wazazi wao, amewashikia watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Hilo lilimuuma kuliko neno lolote la msimamizi.

Kikao cha nidhamu kikapangwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Maonyo mawili ya kulala, pamoja na wizi wa mali ya hospitali. Watu wamefukuzwa kwa nusu ya hayo. Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiweka nyumba wima, kwa sababu kabati la seremala hununuliwa leo na lingine baada ya miezi mitatu. Akifukuzwa, watoto watatu wanarudi kutoka shule na mama mkwe anarudi kupikia kuni. Mumewe alisikiliza habari yote akiwa ameshika kichwa.

"Ungeiba hata sabuni, mama watoto, ningejua pa kuanzia kukutetea," akasema. "Sasa hii nitawaambiaje watu?"

Alhamisi Mashine alipeleka makoti maabara kama kawaida. Mpima damu ni bwana mkavu, mkali wa kola, ambaye hajawahi kupokea koti bila kulitia kasoro. Mashine alifika akaegemea mlango, akasubiri ukuta urudi mahali pake. Yule bwana akapokea, akakagua kola, kisha jicho lake likashuka kwenye mkono ulioshika kitundikio cha koti.

"Hebu geuza kiganja," akasema.

Akageuza.

"Hiki ni kiganja au karatasi? Unaumwa tangu lini?"

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Kaa hapo."

Akamchoma kidole. Kimashine kidogo kikafikiri, kikatoa namba. Mpima damu akakunja uso, akamchoma kidole kingine, na namba ikatoka ile ile.

"Sita," akasema. "Mwanamke anatakiwa awe na kumi na mbili kwenda juu. Una nusu ya damu yako. Umefikaje hapa?"

"Kwa ngazi."

"Watu wa sita huletwa kwa machela, dada. Hawatuletei makoti." Akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Kuna kitu cha ajabu unatamani kula? Udongo, barafu, mchele mbichi?"

Mashine akarudisha mkono kwenye aproni. Alijua huo ni mtego, msimamizi keshapita hapa.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Anitume nani? Mwili ukikosa madini ya chuma hutamani visivyo chakula. Mmoja alikuja hapa anakula ukuta wa nyumba yake. Mume anapaka chokaa, yeye anabandua."

"Wanga," Mashine akasema. "Nakula wanga wa makoti yenu."

Mpima damu hakucheka. "Hiyo si tabia mbaya," akasema akiandika. "Hiyo ni dalili ya ugonjwa."

Mtu mwingine angelia. Mashine alipandwa na hasira, na ilianzia mbali, miguuni, ikaja juu. Miaka kumi na minne dari lake ni sakafu ya hawa watu. Mwaka huu mzima amepita mlango huu na makoti mara tatu kwa wiki, akiinama kufunga ndala zisizofungwa, na madaktari wamempisha kwenye ngazi wakisema "pole na kazi" bila kusimama. Wanavaa vipimo shingoni. Walichokiona kwake ni tenga la makoti likipanda.

Mpima damu alitaka alazwe siku hiyo hiyo. Mashine akakataa.

"Kesho nina kikao. Nisipoonekana watasema nimekimbia na gunia."

"Basi chukua hii karatasi, na ukitoka kikaoni uende wodini moja kwa moja. Na usipande tena ngazi. Panda lifti ya wagonjwa."

"Watu wa dobi haturuhusiwi lifti ya wagonjwa."

"Wewe ni mgonjwa," akasema yule bwana, na kwa mara ya kwanza Mashine akalisikia neno hilo likimhusu.

Ijumaa nyuma ya meza walikuwa watatu. Afisa utumishi katikati, msimamizi kulia kwake, na kushoto karani mmoja, mwanamke, wa kuandika. Msimamizi alisoma mashtaka kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtoto wake. Mashine akaweka karatasi ya maabara mezani. Afisa utumishi akaisoma, akaisoma tena.

"Upungufu wa damu," akasema. "Sawa, pole sana. Lakini ungesema mapema, mama. Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo walipomkosea, maana yote mengine alikuwa amejiandaa kuyameza.

"Ningemwambia nani?" akasema, na hakupaza sauti. "Huyu? Nilipokaa kwenye ndoo aliiondoa ndoo. Nilipolala aliandika dakika. Hakuna siku hata moja aliyojiuliza, huyu aliyepiga mashuka ya wodi nne peke yake, leo kwa nini analala? Mnataka niseme? Haya, nasema. Natoka damu. Hedhi yangu ni siku kumi na mbili kila mwezi, miaka miwili sasa, na inatoka mabonge. Navaa mashuka yenu mabovu, nakunja mara tatu, na yanalowa kabla ya chai. Nasimama kwenye pasi ya moto huku inanishuka miguuni. Kazi ikiisha nabaki nyuma ili nifue nguo zangu wa mwisho, wenzangu wasione." Akamgeukia karani. "Andika, dada. Andika siku kumi na mbili."

Afisa utumishi alikuwa akitafuta kwenye faili kitu ambacho hakikuwemo. Msimamizi alitazama dari. Wanaume wawili wenye wake, wenye mabinti, waliozaliwa kwa hiyo hiyo damu, walikuwa wanaona haya kusikia neno. Kwamba neno hilo lilikuwa linamuua mtu aliyesimama mbele yao, hilo halikuwatia haya. Karani peke yake ndiye aliyeandika, na aliandika kwa kasi.

"Tuje kwenye gunia," msimamizi akasema alipopata sauti.

"Nimekula. Kiganja kwa siku."

"Kiganja hakimalizi gunia."

Na kwa hilo, tuseme ukweli hata kama unachoma, msimamizi alikuwa sahihi. Mashine mwenyewe alikuwa amepiga hesabu hiyo usiku na mchana na haikutimia. Afisa utumishi akatoa uamuzi: maonyo ya kulala yanafutwa kwa sababu ya ugonjwa. Gunia linabaki. Alazwe, atibiwe, kikao kitarudi baada ya wiki moja, na akishindwa kueleza wanga uliobaki ulikwenda wapi, kazi hana.

Daktari wa wanawake alimpima akakuta uvimbe kwenye kizazi. Utatolewa, akasema, lakini hawezi kumpasua mtu mwenye damu ya sita. Kwanza aongezwe damu, na akiba ya hospitali ni ndogo, kwa hiyo ndugu na jamaa waje kuchangia kufidia atakayopewa. Mumewe alikuja mchana huo akiwa ameshakunja mkono wa shati.

"Miaka miwili, mama watoto," akasema akisimama kando ya kitanda. "Na mimi nalala ubavuni kwako."

"Ulilala," Mashine akamjibu.

Mume akakunja na mkono wa pili wa shati. Alikwenda maabara akatoa damu, akarudi akakaa, na hakuondoka mpaka walinzi walipomtoa. Mama mkwe alikuja kesho yake. Aliketi kwenye ncha ya kitanda, akapumua, akaanza, "Sisi enzi zetu..."

"Mama, usiniambie sisi," Mashine akamkata, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe. "Wangapi wenu walikufa mkasema wamerogwa?"

Yule mama akavuta ncha ya kanga yake. "Dada yangu," akasema hatimaye. Kisha akafunua shuka akaanza kumkanda mkwewe miguu, akaendelea mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Chupa ya kwanza ya damu Mashine aliingiziwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi walimpeleka maabara kwa kiti cha magurudumu, atolewe damu ya kupimia kabla ya chupa ya pili. Alikuwa bado ameketi pale saa nne ilipogonga, na mlangoni wakatokea watu watano wenye aproni. Badala ya kunywa chai, dobi nzima ilikuwa imepanda kuja kumchangia. Hawakumtazama vizuri usoni. Redio ndiye aliyetangulia, akaweka mkono mezani kama mtu anayetaka kushindana mieleka.

"Mimi nina damu ya kumwaga," akasema. "Leteni ndoo."

Mpima damu akamchoma kidole, akasoma. "Nane," akasema. "Hutoi hata tone. Anayefuata."

Wa kwanza wa madoa alikuwa na nane na nusu. Wa pili, saba. Yule wa mtambo wa kunyosha, tisa. Yule wa mashine za kufulia, ambaye ni binti mpana na mwenye mashavu, kila mtu alimtegemea yeye. Kumi. Watano wamepanda, na hakuna mmoja ambaye angeweza kumpa mwenzake kijiko cha damu. Mpima damu akavua miwani, akawapanga kwa macho toka wa kwanza hadi wa mwisho.

"Mnakula nini kazini?"

"Chai na mkate," mmoja akajibu.

"Na mchana?"

"Mchana tulifutiwa."

"Kuna kitu chochote kisicho chakula mnachokila?"

Hakuna aliyejibu. Kisha Redio akatia mkono mfuko wa aproni, akatoa kifurushi cha gazeti, akakiweka mezani mbele ya Mashine. Hakukifungua, hapakuwa na haja. Wa madoa wakatazamana, na vifurushi vingine viwili vikatoka. Wa nne akatikisa kichwa tu na kusema chake amekimaliza asubuhi. Yule binti wa mashavu alianza kulia.

"Mlijua," Mashine akasema.

"Kila mtu alijua chake," Redio akajibu. "Naapa, nilidhani ni mimi peke yangu. Nilikuwa nachota ukienda kupeleka makoti. Uliposhikwa nikasema, nikifungua mdomo tutafukuzwa wawili."

"Ukafunga."

"Nikafunga."

"Na ukaniita Chaji, na wewe una nane."

Redio akajifuta uso kwa aproni, na wanga ukambakia shavuni. Mashine alimtazama, na alitaka kumchukia, sababu alikuwa nayo na haki alikuwa nayo. Lakini hasira ilikuwa imeshampita Redio, imekwenda mlangoni, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama msimamizi.

"Saa nne na nusu," akasema bwana yule. "Bomba limejaa mashuka mpaka wodi ya juu, mashine zimezimwa, na ninyi mko huku mnapiga soga."

"Karibu," mpima damu akamwambia. "Na wewe umekuja kumchangia mwenzako?"

Macho kumi na mawili ya wanawake na mawili ya mpima damu yakamgeukia, na mtu hawezi kukataa hivi hivi mbele ya mgonjwa. Akatoa kidole. Kimashine kikafikiri.

"Kumi na sita na nusu," mpima damu akasoma. "Safi kabisa. Katika watu saba wa dobi, mwenye damu ni huyu mmoja. Keti, bwana, tukutoe chupa."

Msimamizi akauvuta mkono wake, akautia mfukoni. "Leo hapana, nina kazi. Siku nyingine. Nyie, tushuke."

"Hawa hawashuki," mpima damu akasema. "Wanakwenda kwa daktari mmoja mmoja, leo hii, na ripoti naiandika mimi, pamoja na hayo mapumziko uliyoyafuta na hivi vifurushi vilivyo mezani."

Msimamizi aliviona vile vifurushi, akaelewa lilikokwenda gunia. Alitazama wanawake waliokuwa wamejipanga ukutani na pamba vidoleni, hakuna aliyenyanyua mguu. Mwisho akamwinamia yule aliye kwenye kiti cha magurudumu, kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuitumia chini.

"Mashine, wewe wanakusikiliza. Habari ya gunia imekwisha, nitamwambia afisa alifute, utarudi kazini kwako. Waambie tu wenzako washuke. Hayo mashuka nani atayafua?"

"Usilifute," Mashine akasema. "Liandike kama lilivyo, na majina yetu yote sita. Na hayo mashuka, mwenye damu ni wewe. Nenda kafue."